Mzee Aliyekuja Kuzungumza na Kongo

Mpaka leo, wanangu, nikisikia watu wanapiga makofi ukumbini, mwili hunisisimka. Iwe harusi, iwe mahafali, iwe mkutano wa kampeni, mimi huangalia kwanza uso wa anayepigiwa makofi. Nimestaafu, sina tena wanafunzi wa kunipandisha presha, lakini mshtuko wa siku ile haukustaafu nami. Nawaandikia ninyi mnaotaka kufundisha, na ninyi mnaotaka kuwa wanadiplomasia na kuvaa suti za watu, mjue kazi hii inaweza kumfanya nini mtu siku ambayo amejipanga vizuri kabisa.

Kwanza mnijue. Nilifundisha uhusiano wa kimataifa kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili kwa miaka mingi kuliko ndoa yangu ilivyodumu. Mimi ni mwanamke wa Kipare, wa Usangi, na mnajua tunavyotaniwa, kwamba Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kwa kesi ya kuku. Sikatai. Babu yangu alifanya hivyo, na kuku mwenyewe alikuwa na chongo. Nadhani ndiyo maana nililipenda somo hili tangu siku ya kwanza. Ukiyachunguza mataifa, ni Wapare watupu.

Wenzangu waliwapeleka wanafunzi wao kwenye mahoteli ya mikutano, wakale biskuti na kusikiliza wakubwa. Mimi niliwapandisha wangu treni ya reli ya kati nikawaleta Kigoma. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mashua zilikuwa zikiingia kutoka upande wa pili wa ziwa, leo Warundi, kesho Wakongo, keshokutwa wote pamoja, na makambi ya huko juu yalikuwa yamejaa. Darasani nilikuwa na Mnorwe, Mghana, Mjapani, Wazambia, na nusu ya darasa walikuwa Watanzania, wengi wao watumishi wa serikali waliopewa ruhusa ya kusoma. Nilitaka waone dunia ikipita mbele yao na mabegi yake kichwani.

Siku ya kwanza kabisa wenyeji waliwasikia wanafunzi wakiniita Dokta. Asubuhi nilipofungua mlango nikakuta foleni. Mtoto wa sikio, kijana wa jipu, na bibi mmoja wa goti. Nikawaeleza kwa upole kwamba mimi ni daktari wa vitabu, sitibu watu. Yule bibi akaniangalia kwa huruma.

"Wa vitabu?" akasema. "Kwani navyo vinaumwa?"

Nikampa kiti, nikamwelekeza njia ya zahanati.

Nilikuwa na mambo yangu ya kufundishia ambayo vijana waliyachukia kwanza, wakaja kuyapenda baadaye. Nilikuwa nabandika ramani ya dunia ukutani kichwa chini, na Ujiji nimepigilia msumari. Wakikaa hapo wanapinda shingo, nawauliza, "Haya, niambieni, mbali ni wapi?" Mnorwe wetu, msichana mwenye aibu aitwaye Solveig, alitazama muda mrefu kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kujikongoja, "Kumbe kwetu ndiko mbali." Nikampa alama zote. Nilikuwa pia nimepiga marufuku insha yoyote inayoanza na "wapiganapo tembo nyasi huumia", kwa sababu mwaka mmoja nilisahihisha insha kumi na kitu na tembo walikuwa wamejaa mezani kwangu mpaka sikumwona binadamu hata mmoja.

Mchana tulikuwa tunashuka Katonga, sokoni. Pale mama wa Kikongo ameketi na mapipa yake ya mawese, Mrundi ana mzigo wake, Muha wa pale pale anauza dagaa, na wakati ule serikali zao zilikuwa hazisemezani. Wao wanasemezana, tena kwa kelele. Mwanafunzi mmoja aliniuliza mwenyekiti wa soko lile ni nani. Nikamwambia akamuulize mama wa mawese. Akaenda. Mama akamcheka mpaka akaweka mkono kiunoni, kisha akamuuzia mawese ambayo kijana hakuyahitaji. Hilo lilikuwa somo zima la siku, sikuongeza neno.

Kazi kubwa ya kila mwaka ilikuwa mkutano wa kuigiza. Tulikodi ukumbi kule Gungu, madirisha yake hayana vioo, tukapanga meza kwa umbo la kiatu cha farasi, kila mwanafunzi akabeba nchi. Kanuni yangu ilikuwa moja: hakuna anayebeba nchi yake. Niliiweka baada ya mwaka ambao niliwaacha wajichagulie, na wawili kutoka nchi zinazopakana wakagombana juu ya maji ya mto mpaka wakahitimu bila kusalimiana. Mtu akibeba nchi ya mwenzake, hulazimika kuisikiliza. Na siku moja ya mkutano ilikuwa lazima iendeshwe kwa Kiswahili, wageni wakitafsiriwa na wenzao, maana hoja usiyoweza kuitetea mbele ya mama ntilie huielewi.

Halafu kulikuwa na mtego. Hili ndilo mlishike, maana ndilo lililotuponza. Kila mkutano nilikuwa naingiza jambo lisilotarajiwa. Naweza kusimama katikati ya hotuba nikatangaza kwamba daraja limelipuliwa. Mwaka mmoja nilimtuma mpishi wetu, mama mnene mcheshi, aingie ukumbini kama jenerali wa waasi mwenye madai. Aliingia akapiga meza, akadai wizara, na tulipomwambia igizo limekwisha, akagoma kutoka kwenye kiti mpaka ajue wizara ni ipi. Habari za mtego huo zilirithiwa. Kila darasa lililokuja lilikuwa tayari limeambiwa na waliotangulia: Dokta atakuletea mtu, usibabaike, jibu kama nchi.

Sasa mwaka ninaotaka kuwaambia, aliyebeba Kongo alikuwa Rwegasira. Mhaya wa Bukoba, mrefu, mtumishi wa wizara, tai shingoni hata ufukweni. Wahaya na Kiingereza chao mnawajua wenyewe. Alikuwa anaweza kuagiza chai kwa sentensi yenye vituo vinne. Zaidi ya hapo alikuwa mlokole wa kweli, harufu ya pombe tu ilimfanya abadilishe upande wa barabara. Lakini alikuwa na akili, na aliifanyia kazi Kongo yake kama anayejiandaa kwa kiti cha ubalozi.

Bendera za mezani tulimpa fundi cherehani mmoja wa Ujiji, Fundi Rajabu. Akauliza za nini. Mwanafunzi aliyezipeleka akajibu kwa haraka zake, "Za mkutano wa nchi, kule Gungu." Fundi Rajabu alizishona vizuri sana, na kila mteja aliyekuja kupunguza suruali alionyeshwa, akaambiwa: Hii ya Burundi, hii ya Kongo, hii yetu. Nchi zinakaa Gungu kujadili wakimbizi, na bendera zimepita mikononi mwangu. Mnaona? Hakusema uongo hata mmoja. Habari ikaenda sokoni, ikapanda mlimani, na sisi hatuna taarifa.

Siku ya Kiswahili ikafika. Mada ilikuwa watu waliotengana na jamaa zao wakati wa kuvuka ziwa: nani awatafute? Madirishani watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wametulia kimya, nami nikafurahi kwamba somo limewavutia. Rwegasira akasimama na tai yake.

"Waheshimiwa," akasema, "Kongo inasikitika. Lakini waliopita katika ardhi yetu walikuwa wapita njia. Serikali haiwezi kuulizwa habari za kila aliyepanda mashua. Sisi wenyewe tuna vita, tuna watu wetu wa kuwahesabu."

Ilikuwa hotuba nzuri. Nilikuwa naandika alama zake pale nilipomsikia mtu anagonga sakafu kwa fimbo.

Alikuwa mzee mwembamba, koti la kijivu lililofuliwa mpaka likawa jeupe kwenye viwiko, fimbo ndefu mkononi. Nyuma yake mwanamke wa makamo amebeba chungu kichwani, mdomo wa chungu umefungwa kwa jani la mgomba. Watu wa mlangoni walikuwa wamewapisha kwa heshima.

"Amahoro," akasema mzee, akitusalimu kwa Kirundi. "Nimeambiwa nchi zimekaa hapa. Nimemsikia Kongo. Nami nina neno na Kongo."

Nilijua papo hapo kwamba simjui. Nilisimama. Lakini wanangu, kuna mshtuko unaomfanya mtu apige kelele na kuna mshtuko unaomkausha mate. Wangu ulikuwa huo wa pili. Mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Huku ukumbi mzima umeketi wima, macho yanang'aa, wamefurahi. Wananijua mimi na mitego yangu.

"Mimi naitwa Nzeyimana," mzee akaendelea. "Kwetu Burundi nilikuwa mushingantahe, mtu wa kuamua mashauri. Tulikimbilia Kongo. Vita vikatukuta huko huko. Siku ya kuvuka kuja huku, pwani palikuwa na risasi, watu wanasukumana. Mimi na binti yangu huyu, Konsolata, tukatupwa mashua moja. Mjukuu wangu Odeta alikuwa ameshikwa mkono na jirani, wakabaki nyuma. Alikuwa ameanza kuota meno ya ukubwani. Kongo, mtoto yuko kwako. Naomba unijibu."

Rwegasira alinitupia jicho. Jicho la mwanafunzi bora anayemwambia mwalimu, nimeuona mtego wako. Akainamisha kichwa kidogo kwa mzee.

"Mheshimiwa Mzee," akasema, sauti imara, "Kongo imekusikia. Lakini Kongo haina habari yoyote ya mtoto huyo. Una ushahidi gani kwamba yuko kwetu? Una ushahidi gani kwamba alizaliwa?"

Konsolata alishusha chungu. Alikishusha polepole, akakiweka vizuri kisimwagike, halafu akaketi sakafuni, mikono kichwani, na ikatoka sauti ambayo sitaieleza. "Mana yanje," alisema, "Mana yanje, mwana wanje," akirudia, akimlilia Mungu wake na mwanawe kwa Kirundi, akiyumba.

Na wao wakapiga makofi.

Mghana wetu ndiye aliyeanza, kijana mwema kabisa ambaye asingeweza kumuumiza nzi. Ukumbi ukafuata. Walimpigia Konsolata makofi kwa uigizaji wake. Mwingine alisimama. Madirishani watu wa Gungu hawakuelewa, wakatazamana, na mmoja wao, Mungu amsamehe, naye akapiga, akidhani ndivyo nchi zinavyofanya.

"Acheni!" Sijui sauti ilitoka wapi. "Acheni! Hawa si wangu! Sikuwaleta mimi!"

Mikono ilibaki hewani. Sijawahi kuona tena kitu kama kile, watu wazima wenye shahada wameganda mikono mbele ya vifua vyao, hawajui waiweke wapi. Rwegasira aliketi, akasimama, akaketi tena. Rangi ilimtoka usoni, na Mhaya yule mweusi akawa kama majivu.

Nikaenda kwa Konsolata, nikapiga magoti, nikamshika mabega. Kisha nikamgeukia mzee na kumweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi nilichoweza, huku nimejawa na aibu mpaka masikioni. Kwamba hapa ni shule. Kwamba hizi bendera ni za kujifunzia.

Mzee alimwelekezea Rwegasira fimbo. "Kwa hiyo huyu si Kongo?"

"Si Kongo, Mzee wangu. Ni mtu wa Bukoba."

"Na yule mzungu?"

"Yule amebeba Burundi."

Akamtazama Solveig. Nadhani katika hali nyingine angecheka. "Na wewe mama ni nani?"

"Ni mwalimu. Nawafundisha jinsi nchi zinavyozungumza."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ingenisaidia. Akafikiri, ameegemea fimbo yake, na Konsolata analia taratibu miguuni pake.

"Nimekwenda kwenye mahema ya wakubwa," akasema. "Nimekwenda kambini. Nimesimama kwenye malango mengi. Kongo wa kweli hajawahi kunijibu, hata vibaya. Huyu amenijibu."

Akainyanyua fimbo kutoka sakafuni, tuione sote.

"Kwetu," akaendelea, "fimbo hii inaitwa intahe. Ikigonga, anayefungua mdomo kujibu, shauri limekuwa lake. Hawezi kulitema mpaka liishe. Kijana, mimi sikukulazimisha. Umejibu mwenyewe."

Rwegasira alinitazama mimi, mwalimu wake, nimwokoe. Ningeweza kusema, Mzee, huyu ni mwanafunzi, mwache aende zake. Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini kabla sijayasema yeye alikuwa ameshazunguka meza. Akamwinamia mzee na kumpa mikono miwili, kama tunavyowasalimu wakubwa.

"Shikamoo, Mzee. Nimekosa. Nitamtafuta."

Mzee akamwashiria binti yake. Konsolata alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akafungua jani, akachomeka mrija mmoja. Ilikuwa urwarwa, pombe ya ndizi, walikuja nayo kunywa na Kongo iwapo Kongo angekubali. Mrija mmoja kwa wote wawili, ndivyo shauri linavyofungwa kwao. Sote tulimjua Rwegasira na ulokole wake. Tulimwona akitazama chungu, tai ikining'inia mpaka kwenye povu. Akainama akavuta. Akameza, macho yakamtoka machozi, na mzee akavuta baada yake kwenye mrija ule ule. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mzee alipoingia.

Mkutano haukuendelea. Zile siku zilizobaki darasa zima lilihamia ziwani. Kila aliyekuwa amebeba nchi alikwenda kuuliza pale alipodhani nchi yake ingejua, kambini, kwenye mashirika, kwa mapadri, na walirudi wamechoka na kuambiwa wasubiri. Rwegasira yeye alishinda Kibirizi, mashua zinapoingia, anauliza kila ashukaye kama amemwona mtoto Odeta. Mwanzoni aliwauliza kwa sentensi ndefu, watu wakampita. Mama mmoja wa mawese akamvuta shati.

"Weye unaulizaka sana," akamwambia. "Unatafutia nani huyo mutoto? Weye ni nani?"

Rwegasira alikuwa amechoka, jua limemuunguza, akajibu bila kufikiri. "Mimi ni Kongo."

Wachuuzi walicheka mpaka wakashika mapipa. Alipowaeleza kisa chenyewe, kicheko kikakatika, wakamtazama upya. Tangu hapo jina likamganda. Kibirizi, Katonga, Gungu, ukiuliza Rwegasira hakuna anayemjua. Kongo wanamjua. Na wale mama walivuka na kisa hicho pamoja na mawese yao, kila walikotua wakakisimulia, kwa sababu kilichekesha na kiliuma.

Odeta hakupatikana. Tulipanda treni kurudi.

Nilidhani yatakwisha hapo. Ahadi ni deni, sawa, lakini kijana ana kazi, ana maisha. Basi mwaka uliofuata nilipoleta darasa jipya nikamkuta Rwegasira ameketi kwa mzee. Nzeyimana na bintiye walikuwa wakikaa mlimani juu ya Gungu, kwa wajomba, maana mama yake mzee alikuwa Muha. Mzee anagonga fimbo, Rwegasira anasimama. "Mzee, Kongo amekuja kujibu. Bado sijapata." Mzee anasema, "Nimesikia. Endelea." Halafu wanakula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Alifanya hivyo kila likizo. Alipanda cheo, akapelekwa kazini nchi za nje, wenzake wakamcheka kwamba anaacha miji ya watu kuja kunuka dagaa Kigoma. Mimi mwenyewe nilimuuliza mara moja kama hajachoka. Akaniambia, "Dokta, siku ile nilimuuliza mama yule kama mwanawe alizaliwa."

Mzee alifariki. Rwegasira alichelewa maziko, akasimama kaburini akajibu pale pale kama kawaida, kisha akangoja, na hakukuwa na wa kumwambia endelea. Konsolata ndiye aliyeokota ile fimbo. Kwa desturi haishikwi na mwanamke, lakini mwanamume mwingine hakuwapo. Akagonga udongo. "Nimesikia," akasema. "Endelea."

Amani ikarudi kwao na wakimbizi wengi wakarudi Burundi. Nilimuuliza Konsolata kwa nini hafungi mizigo. Alikuwa anaanika dagaa, hakuinua hata uso. "Nikiondoka, Dokta, Odeta atanitafutia wapi?" Nami nilipostaafu, badala ya kurudi Usangi kwa kaka zangu, nilijenga nyumba ndogo hapa Gungu. Watu walishangaa. Mimi ni Mpare, siwezi kuondoka kesi haijaisha.

Sasa nisikilizeni. Majuzi, asubuhi tu, nikiwa nafagia uwanja, bodaboda ikasimama getini. Akashuka mwanamke kijana, kitenge cha upande wa pili, mtoto mgongoni. Akaniamkia, akasita.

"Mama, niko natafuta mutu moja. Banasema jina yake Kongo, na weye unamujua."

Ufagio ulinitoka mkononi.

"Kongo yuko mbali, mwanangu, yuko kazini. Unamtakia nini?"

"Miye naitwa Odeta." Alisema kama anayeomba radhi. "Kule Kalemie, tangu niko mudogo, bamama ba mawese banasema kule Kigoma iko Kongo, inatafutaka Odeta. Nikadhani ni hadisi ya kuchekesha batoto. Mama, tangu lini inchi inatafutaka mutu? Lakini sasa nimezaa, nikasema niende niulize."

Nilimuuliza anakumbuka nini. Kirundi kilikuwa kimemtoka chote. Sura ya mama yake haikumbuki. Anakumbuka babu mmoja aliyekuwa hasemi mpaka agonge chini.

Tulipanda bodaboda ile ile mpaka mlimani. Konsolata alikuwa anamenya muhogo mlangoni. Nilimwita jina. Akamtazama mgeni, akatazama mtoto mgongoni, akarudi kumtazama mgeni, kisu mkononi. Akamsemesha Kirundi. Odeta akatikisa kichwa, haelewi. Wakasimama hivyo, mama na mwana, hawana hata salamu moja wanayoijua wote wawili, nami nikaogopa kwamba tumekosea.

Konsolata akaingia ndani. Akatoka na fimbo ya baba yake, akagonga ardhi.

Odeta alishtuka mwili mzima. Mtoto mgongoni akaamka akalia. Odeta akaweka mikono kichwani, akaketi chini taratibu, vilevile, wanangu, vilevile kama nilivyomwona mama yake akiketi kwenye sakafu ya ukumbi, na Konsolata akatupa fimbo na kumwangukia.

Nikawaacha. Nilikaa pembeni kwenye gogo nikilia, mpaka Konsolata aliponigeukia, uso umelowa.

"Mpigie simu," akasema. "Mwambie Kongo amejibu."

Rwegasira alikuwa kwenye mkutano, katika nchi ambayo wakati huo kwao ilikuwa tayari alasiri. Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake. Nikamwambia kwa sentensi moja. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa na mlango unafungwa, na sauti yake ikarudi imepasuka, nyembamba, sauti ya yule kijana wa tai.

"Dokta," akasema, "niapie. Huu si mtego wako?"

Nilimpa Odeta simu.